Kibali cha Dubu Mfukoni, Elki Mlimani

Siku ya tatu ya msimu, kabla jua halijafika vileleni, mzee niliyekuwa naye alinigusa bega, akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya korongo. Nikaona kitu cha kahawia kinatembea kwenye vichaka, mita 600 hivi kutoka tulipokaa. Dubu. Kibali cha dubu kilikuwa mfukoni mwangu, kimekunjwa pamoja na kile cha elki, ayala mkubwa wa huku, na mkono wangu ulikwisha kushika mkanda wa bunduki kabla sijajua ninafanya nini. Mzee hakunizuia. Alinisogezea darubini yake kubwa, ile inayosimama kwa miguu mitatu, akasema, "Niambie ni dubu gani. Ila rangi yake usiniambie."

Nitarudi kwenye korongo hilo. Kwanza nieleze nilifikaje pale, maana najua wengi wenu mlioletwa kama wakimbizi Missoula, Boise na miji mingine ya huku milimani Marekani, kila ifikapo majira ya majani kupukutika, mnaulizwa na wenzenu wa kazini kama mtakwenda kuwinda, na hamjui mjibu nini.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako mtu akionekana na nyama ya porini anaulizwa maswali yasiyo na majibu mazuri. Baba yangu mdogo alikuwa mtegaji huko Fizi kabla ya vita. Alitega kwa waya, na mnyama alikuwa wa yule aliyemkuta. Huku Montana, jimbo la Marekani lenye mji wa Missoula, nilikuta utaratibu mwingine kabisa. Mnyama ni wa umma wa jimbo zima, msimu una tarehe zake, kila mnyama ana kibali chake, na mtu aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 hauziwi leseni mpaka amalize mafunzo ya uwindaji. Nilisoma darasa moja na watoto wa miaka 12. Walijua mengi nisiyoyajua, na nilikaa nao kwa heshima.

Yule mzee tunafanya naye kazi kiwanda cha mbao. Namwita Mzee kwa sababu ana umri wa baba yangu na kwa sababu ameniongoza kama baba. Yeye ndiye aliyenifundisha elki ni nani. Kwa aliyewahi kuona wanyama wa kwetu, elki ni wa jamii ya ayala, mwili wake unamzidi tandala mkubwa lakini haumfikii pofu. Dume aliyekomaa anafika kilo 300 na zaidi. Pembe zake zina matawi, na kila mwaka zinaanguka na kuota upya. Msimu wa bunduki wa elki Montana unaanza mwishoni mwa Oktoba na unachukua wiki tano. Msimu wa bunduki wa dubu mweusi majira hayo unafunguliwa tarehe 15 Septemba na unakwenda mpaka huo wa elki ufungwe. Milima ni ileile, bunduki ileile, na kibali cha dubu kwa mkazi wa jimbo si ghali. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Wananunua cha elki, kisha wanaongeza cha dubu kama mtu anayeongeza kiberiti dukani kwa kuwa chenji imebaki.

Mimi nilifanya vivyo hivyo, na nilidhani mtihani ndio ulikuwa sehemu ngumu. Montana haikuuzii leseni ya dubu mweusi mpaka ufaulu mtihani wa kumtofautisha na grizli, dubu wa aina nyingine aliye mkubwa zaidi. Grizli analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Ukimpiga kwa makosa, unajibu mbele ya sheria, na "nilidhani ni mweusi" haikutoi. Bonde la mto Blackfoot, mashariki ya Missoula, tulikopiga kambi, lina wote wawili. Nilijibu maswali yale jikoni kwangu, chai mkononi, picha zinapita moja baada ya moja, nikafaulu. Ila kwenye picha dubu amesimama wazi, ubavu umegeuzwa kwako, na hakuna anayekimbiza muda.

Sasa turudi korongoni.

Mzee alisema nisimwambie rangi kwa sababu rangi ni mwongo wa kwanza. Dubu mweusi anaweza kuwa mweusi, wa kahawia, mwekundu kama mdalasini, hata wa manjano kama nyasi kavu. Grizli naye anaweza kuwa mweusi karibu kabisa. Nikaanza na mabega. Grizli ana nundu juu ya mabega, msuli wa kuchimbia ardhi, na anaposimama kwa miguu yote minne nundu hiyo mara nyingi ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Mweusi hana nundu ya namna hiyo, na kiuno chake ndicho kinachoelekea kuwa juu. Lakini yule dubu alikuwa ameinamisha kichwa anakula kwenye mteremko, na dubu yeyote akiinamisha kichwa mteremkoni mabega yake yanapanda. Nikasema, "Naona nundu." Baada ya dakika tano akageuka, nikasema, "Sioni nundu." Mzee alinyamaza.

Uso nao unasema. Wa grizli umebonyea kati ya paji na pua, kama kisahani. Wa mweusi unakwenda moja kwa moja kutoka paji mpaka ncha ya pua. Masikio ya grizli ni mafupi na ya mviringo, ya mweusi ni marefu kidogo na yanasimama. Kucha za mbele za grizli ni ndefu, zinaweza kufika sentimita 10, na mara nyingi zina rangi hafifu inayoonekana ukiwa na darubini nzuri. Za mweusi ni fupi, zimepinda, za kupandia miti. Haya yote niliyajua kwa kichwa. Kule mlimani macho yalikuwa yanatoa machozi kwa baridi, kioo cha darubini kinashika ukungu wa pumzi yangu, na dubu anatoka kichaka kimoja anaingia kingine. Ilinichukua nusu saa kuona uso wake ubavuni mara mbili, wazi, bila tawi la kuuziba. Umenyooka. Masikio yamesimama. Nikamwambia Mzee kwa uhakika, "Ni dubu mweusi."

Akasema, "Vizuri. Sasa endelea kutazama."

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Tulikuwa tumepata mahali pa kushuka, upepo ulikuwa unatupiga usoni, na mwanga ulikuwa unaongezeka. Nikatazama tu kwa kumtii. Dakika kumi nyingine zikapita. Kisha vichaka vya nyuma yake vikatikisika, akatoka mtoto wa dubu, mweusi tii kama mkaa, akafuatwa na mwingine. Mama wa kahawia, watoto weusi. Jike mwenye watoto hapigwi, sheria inakataza, na hata isingekataza sijui mtu angewezaje. Watoto wake walikuwa wamejificha muda wote ule. Kama ningemwamini yule wa dakika ya thelathini, yaani mimi mwenyewe, ningewaacha watoto wawili wa mwaka ule wakikabili baridi ya Montana bila mama.

Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia mtu anayeniuliza ni hili: ukimwona dubu, kaa chini. Muda wa kumtazama uwe mrefu kuliko unavyoona inahitajika, na ukishamaliza ongeza tena. Kama jua linazama na bado huna uhakika, jibu ni hapana. Elki ukimkosea umbo kidogo bado unajua ni elki. Dubu hana huruma hiyo.

Kuna swali jingine linalotangulia hilo, nalo ni saa hii unamwinda nani. Mshika mbili moja humponyoka, na nimeona inavyotokea. Elki anakula alfajiri na jioni, mchana amelala kwenye miti minene ya upande wa kaskazini. Ukiingia humo mchana kwa sababu umeona kinyesi kibichi cha dubu, umewafukuza elki wa bonde zima, nao elki wakishafukuzwa hawahami mita mia. Wanavuka mlima. Baada ya siku ya kwanza tuligawa muda: alfajiri na jioni ni za elki, na hatumfuati dubu hata akipita. Mchana, kuanzia kama saa nne mpaka saa tisa, tunakaa juu na darubini tukitazama maeneo ya matunda na nyasi, bila kuingia kokote. Alfajiri ile ya mama na watoto wake tulitazama tu kwa sababu hakukuwa na elki mbele yetu.

Mwisho wa Oktoba dubu yuko kwenye njaa yake kubwa ya mwaka. Anajaza mafuta ya kulalia miezi mitano au sita bila kula, na wakati huo anaweza kula muda mwingi wa siku, maelfu kwa maelfu ya kalori. Matunda madogo ya zambarau ya milimani, yale wenyeji wanayoita huckleberry, yamekwisha zamani. Yanayobaki ni ya mabondeni: miiba yenye vitunda vyeusi kandokando ya vijito, matunda ya waridi mwitu, cheri za porini zilizokauka mtini. Kwa hiyo dubu wengi wanakuwa chini kuliko elki. Majike wenye mimba ndio wanaotangulia kuingia mapangoni, madume wanachelewa. Theluji nzito ikianguka mapema unaweza usione dubu hata mmoja, na kibali kinarudi nyumbani safi. Hilo ulijue kabla hujakinunua.

Upepo ni uleule kwa wote wawili. Asubuhi hewa ya baridi inateremka bondeni, jua likipiga mteremko inageuka na kupanda, jioni inateremka tena. Ile saa ya kugeuka ndiyo inayoharibu mawindo, kwa sababu harufu yako inazunguka ovyo. Pua ya dubu ni kali kuliko ya elki. Mzee alikuwa na kichupa cha unga mwepesi, anabonyeza, unga unaonyesha hewa inakwenda wapi. Nilikinunua cha kwangu wiki hiyohiyo.

Elki nilimpata jioni ya siku ya nne. Alikuwa dume kijana mwenye tawi la chini la pembe lililotimiza inchi 4 zinazotakiwa na sheria kwenye eneo letu. Mita 180, amesimama ubavu, risasi moja, akatembea hatua chache akaanguka kwenye theluji. Nilipiga magoti pale nikasali. Kisha nikathibitisha kibali papo hapo, kabla ya kugusa kisu, kama sheria inavyosema. Ilikuwa imebaki nusu saa ya mwanga, na gari lilikuwa kilomita nne chini.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanipa baridi. Nilivua begi langu nikaliweka chini ya mti, kama hatua ishirini kutoka kwa mnyama, ili nifanye kazi kwa uhuru. Kopo la pilipili la kufukuzia dubu lilikuwa kwenye begi. Bunduki niliiegemeza pale pale. Nikainama, mikono imejaa damu mpaka viwiko, taa ya kichwani inaangaza nyama tu. Mzee alifika, akatazama mnyama, akatazama begi, akatazama mimi. Alilichukua lile kopo akaja kulichomeka kwenye mkanda wangu wa kiunoni kwa mkono wake mwenyewe. Akasema neno moja tu: "Hapa."

Kopo lile linapuliza wingu la pilipili kali kwa umbali wa mita nane au tisa, kwa sekunde chache tu, kisha limekwisha. Dubu anayekuja kwa kasi anamaliza mita nane kabla hujamaliza kulitamka jina lake. Kama limo begini, huna. Liwe kiunoni au kifuani, ujue kipini cha usalama kiko wapi gizani, na uwe umelifanyia mazoezi. Yanauzwa makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Na mkiwa wawili, mmoja anapasua, mwingine anasimama anatazama giza. Mkibadilishana kazi, mwambiane kwa sauti. Watu wengi waliojeruhiwa na grizli wakati wa kuwinda huku walikuwa kimya, wakivizia au wakipasua mnyama, na wewe mwindaji wa elki ndiyo kazi yako yote hiyo: kukaa kimya, kunuka damu, kuinama.

Tulimchuna upande mmoja, tukatoa paja la nyuma, mkono, sarara na nyama ya shingo bila kufungua tumbo, tukamgeuza tukafanya upande wa pili. Namna hii inaokoa muda, na nyama inapoa haraka. Paja moja la nyuma na mfupa wake linafika kilo 30. Alama ya jinsia tuliiacha ikishikana na nyama, kwa sababu askari wa wanyamapori akikusimamisha njiani atataka kuiona. Mzigo wa kwanza kila mtu alibeba paja moja na sarara. Vilivyobaki tukavisogeza mita mia na zaidi kutoka kwenye mzoga, tukavitundika kwa kamba juu ya tawi, mita tatu na zaidi kutoka ardhini na mbali na shina. Tulichagua mti unaoonekana kutoka mbali, mahali peupe. Usiifiche nyama kichakani. Kesho yake utakuja kuichukua, na unataka umwone aliyekutangulia kabla yeye hajakuona.

Usiku ule sikulala vizuri. Saa tatu asubuhi tukarudi, si mapema, tukapitia juu kwa upande wa upepo, tukakaa mita 300 na darubini. Nyama ilikuwa imening'inia vilevile. Mzoga haukuwepo.

Ulikuwepo, lakini haukuonekana tena. Ulikuwa umefunikwa. Udongo, nyasi, theluji na matawi yalikuwa yamekwanguliwa kutoka pande zote na kurundikwa juu yake kama kaburi jipya. Anayefunika mzoga vile ni dubu anayesema ni wangu na niko karibu. Nilitazama vichaka kwa saa nzima na sikuona hata sikio. Tukapiga kelele, tukaimba, tukaenda mtini kwa njia ya mbali, Mzee kopo mkononi, mimi nateremsha kamba. Njiani nikaona unyayo kwenye theluji. Vidole vitano karibu kwenye mstari mmoja, vimebanana, na mbele yake, mbali kidogo, vitundu vitano vya kucha. Dubu mweusi vidole vyake vimepinda kama upinde, na kucha zinaacha alama karibu na kidole. Niliweka kiganja changu juu ya ule unyayo, vidole nimevitanua. Haukufunikwa.

Wapo watu watakaokwambia mzoga wa elki ni mahali pazuri pa kumngojea dubu kwa kibali chako. Montana chambo kwa dubu ni marufuku, na hata tukiiacha sheria pembeni, anayekuja pale kwanza kwenye bonde lile anaweza kuwa yule usiyeruhusiwa kumpiga, naye hatakwambia jina lake. Chukua nyama yako, ondoka.

Tulishuka na nyama mjini, tukaitundika gereji, tukalala usiku mmoja kwenye vitanda. Siku ya sita nikarudi nikiwa sina deni na elki. Sikujua hilo lingebadilisha kiasi gani. Mpaka hapo nilikuwa natazama milima kwa macho mawili yanayovutana, moja juu kwa elki, moja chini kwa dubu. Siku ile nilikaa mahali pamoja tu, juu ya kijito chenye miiba ya vitunda vyeusi, tangu saa saba mchana, blanketi magotini, chupa ya chai pembeni, koti la rangi ya chungwa juu ya yote kama sheria inavyodai. Mzee alikaa hatua tano nyuma yangu.

Saa kumi kasoro akatokea. Mweusi, peke yake, anatembea kwa kuyumba kama mtu mnene aliyeshiba. Nikakaa chini zaidi. Nundu hakuna, uso umenyooka, masikio yako pembeni ya kichwa, mbalimbali, yanaonekana madogo kwa sababu kichwa ni kikubwa: ndivyo dume mzima anavyoonekana, kwa kuwa masikio ya dubu hayakui sana lakini kichwa kinakua. Dakika arobaini nilimtazama anavuta matawi kwa mkono na kuyachambua kwa midomo. Hakuna mtoto aliyetoka. Mzee akasema taratibu, "Ni wako ukimtaka." Maneno hayo, ukimtaka, nayakumbuka sana, kwa sababu mpaka pale nilidhani kumtambua na kumpiga ni kitu kimoja.

Nilimtaka. Mita 140, ubavu. Kwa elki wengi wetu tunafundishwa kulenga nyuma ya mkono. Dubu manyoya na mafuta yake yanaficha mwili halisi, na mtu anayelenga kwa kufuata manyoya anapiga chini sana au nyuma sana. Mzee alinifundisha nisubiri mkono wa upande wangu usogee mbele, nipandishe jicho theluthi moja ya mwili na kuzidi kidogo, niingie katikati ya kifua. Alikimbia kama mita 60 akaingia kichakani. Tukasikia mlio mrefu, mnene, kama mtu anayeguna usingizini, kisha kimya. Wawindaji wanaujua mlio huo, ni wa mwisho wa dubu anayekufa. Mimi nilikuwa sijaambiwa, na nilitamani ningeambiwa.

Tukangoja nusu saa kamili, kwa kutazama saa. Damu kwenye theluji ilikuwa matone machache tu, kwa sababu manyoya na mafuta yanainywa na kuziba tundu. Usitegemee njia ya damu kama ya elki. Kabla ya kusimama, weka alama akilini: mti gani alipopigwa, jiwe gani alipopotelea. Na usimpige dubu jioni ambayo haikuachii mwanga wa kumtafuta.

Kumchuna ndiko kulikonigusa kuliko yote. Ngozi ikishatoka, mkono wa dubu, na kiganja chake, na misuli ya bega, vinafanana na vya mtu. Nilisimama kidogo. Nilikulia mahali ambapo mtu ameona miili asiyopaswa kuiona, na sikutegemea kukutana na kumbukumbu hiyo kando ya kijito cha Montana. Mzee alielewa bila kuniuliza. Alichukua kisu akaendelea upande wake kimya, mpaka nikawa tayari. Nawaandikia hili wale waliopitia tuliyoyapitia: jiulizeni kabla, na mwende na mtu atakayewapa nafasi.

Nyama ya dubu inaharibika kwa joto haraka. Mafuta kiunoni mwake yalikuwa unene wa vidole vinne, nayo ni blanketi. Ngozi itoke mara moja, mafuta mengi yatolewe, mapaja yakae wazi yapigwe na upepo. Ndani ya saa 48 nikatoa taarifa kama inavyotakiwa, nikapeleka fuvu na ngozi kukaguliwa. Waling'oa jino dogo lililo nyuma ya chonge, ambalo likikatwa maabara linaonyesha miduara ya miaka kama gogo. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha kanuni cha mwaka wako, ukurasa kwa ukurasa, usitegemee nilichofanya mimi.

Jikoni sasa, na hapa nawasihi ndugu zangu wa kutoka Kongo na Burundi hasa. Sisi tunapenda nyama ya kukausha kwa moshi, tunapenda mishikaki yenye unyevu ndani. Dubu hapana. Anaweza kubeba vijidudu vya trikinela ndani ya misuli, minyoo midogo isiyoonekana, inayohamia kwenye misuli ya mlaji. Kugandisha kwenye friza kunakosaidia kwa nguruwe hakutegemewi kwa dubu, kwa sababu aina iliyozoea baridi inavumilia barafu. Moshi na chumvi navyo havitoshi. Moto ndio dawa: kipimajoto kiingie katikati ya mnofu kisome nyuzi 71 za Selsiasi au zaidi. Mke wangu alikinunua kipimajoto kabla mimi sijarudi kutoka mlimani, na tangu siku hiyo hakuna kipande cha dubu kinachotoka sufuriani bila yeye kukichoma na kusoma namba kwa sauti.

Paja alilichemsha saa tatu na tangawizi na vitunguu, kisha akaliunga kwenye sombe (kisamvu) ya duka la Waafrika, tukala na bugali. Nyama ni nyekundu, nzito, inakaribia ng'ombe kuliko nguruwe. Jirani zetu Waislamu niliwaambia waziwazi ni dubu, na kwao ni haramu. Jirani zetu Wasabato nao hawali. Kwa hiyo kila mfuko wa friza una jina la mnyama kwa maandishi makubwa, na wao tuliwapa vitunda vya waridi tulivyochuma kijitoni. Mzee alichukua paja moja, ngozi akaniachia mimi.

Mafuta mke wangu aliyayeyusha kwa moto mdogo, jioni nzima, akayachuja kwa kitambaa. Yalipopoa yakawa meupe kama samli, hayana harufu. Yalijaza mitungi mitano ya vioo. Jumamosi iliyofuata alikaangia mandazi, na Mzee alipokuja alikula manne amesimama, kabla hajavua koti.